Rufaa

Barua imekuja na mhuri wa samawati:
ombi limekataliwa, upasuaji wa urembo
haumo kwenye kifurushi chako.

Urembo.
Nilimsomea Holo neno hilo mara mbili,
akacheka mpaka akamwaga chai,
kisha akanyamaza, akapiga magoti kunifunga kamba za viatu
maana mwenyewe sizifikii.

Mimi hupima dagaa pale Mwaloni, Kirumba.
Mzani naujua, na hila zake zote.
Gunia likizidi tunapunguza, tunashona, linapanda fuso.
Hakuna anayeliuliza gunia lilikula nini.

Insulini wanalipa. Dawa ya presha wanalipa.
Vidonge vya magoti, kila mwezi, bila swali.
Na mguu ukioza, aliniambia kijana wa dirishani
kwa sauti ya chini, kuukata wanalipa.

"Lete ushahidi, mama Holo. Miezi sita,
kwamba umejaribu kupungua."

Naishi Mabatini, juu kabisa, mawe yanapoegemeana,
ngazi mia moja na kumi na mbili.
Mwezi wa tatu nilikuwa napumzika mara nne.
Sasa napumzika mara tano.

Jumatatu nikarudi na vipimo, barua ya daktari,
na juu ya yote, kandambili zangu:
kisigino kimelika hadi kikatoboka,
ukizinyanyua dirishani unaliona ziwa.

Kijana alizigeuza. Akatafuta kwenye fomu, mbele, nyuma.
"Hizi nitaziandika wapi?"

Pambizoni, nikamwambia. Andika.