Pua za Ukuta

Chuoni walinipa daftari la kurasa mia:
niandike majina ya ujenzi, kila kitu na neno lake,
neno moja tu, sanifu, lisilogombana na jirani.
Nikapanda Igogo asubuhi, viatu mkononi,
hadi pale fundi Luhende alipokuwa akiseti msingi
kwa kamba, vigingi, na hesabu ya tatu-nne-tano.

Niliuliza, akajibu bila kuinua kichwa.
Hii timazi. Timazi haina mjomba.
Hii pima maji, ina jicho moja, na jicho lina povu.
Hizi ringi, zinazikumbatia nondo
zisitawanyike zege likimwagwa.
Hiyo linta, hubeba mzigo ambao dirisha haliuwezi.
Na juu ya kuta zote, mkanda.
"Nyumba bila mkanda ni suruali ya kuazima."

Nikaandika mkanda.
Suruali nikaiacha.

Kona ya jikoni palikuwa na jiwe
kubwa kuliko fuso la dagaa.
Nilikuwa na neno lake: jabali, ngeli ya LI-YA.
"Huyo ni mama mkwe," akasema Luhende,
"hasogezwi, haguswi, hatazamwi usoni."
Na kweli, ukuta ulipomfikia ukapinda,
ukampita pembeni kwa adabu, kozi baada ya kozi.
Minza, mponda kokoto, akacheka, nyundo magotini:
"Mimi huyo mama mkwe nimeshamla miguu yote miwili.
Debe kwa debe. Mwanangu yuko kidato cha pili."

Kisha wakajenga kinga, nyuma ya nyumba,
ukuta wa kuuzuia mlima usiingie chumbani.
Humo Luhende akaacha matundu, safu mbili,
kila hatua moja kipande cha bomba kinachungulia nje.
Nikaandika: kitoleo cha maji. Nikajivunia.
"Pua," akasema yeye. "Mlima una mafua kila masika."
Nikaguna tu.
Pua si istilahi.

Jumapili akaja mwenye nyumba, Bwana Mazige,
na shati la kanisani.
Luhende alikuwa msibani Magu.
Mazige akayaona matundu, akadhani ni kazi iliyobaki,
akaniuliza mimi, msomi, haya ni nini.
Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti ya chuo:
"Kitoleo cha maji."
"Maji gani? Bomba liko mbele."
Akamwita kijana wa lipu.
Saa kumi jioni ukuta ulikuwa laini kama shavu
na mimi nilikuwa nimeusifia.

Mvua ilivuka kutoka Kamanga usiku wa Jumanne,
haikubisha hodi, haikupumzika Kirumba.
Udongo ukanywa. Ukanywa tena.
Ukatafuta pa kutemea, ukakosa.

Asubuhi kinga ilikuwa imelala kifudifudi
juu ya banda la kuku na tangi jipya la lita elfu.
Mtu hakuumia. Kuku watatu, basi.
Minza alikuwa tayari anachagua mawe.

Luhende akarudi na matope ya Magu kwenye suruali,
akachutama, akaokota pande la lipu,
ndani yake bomba, limejaa saruji hadi mdomoni.
Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.
Aliuliza tu, taratibu, kama anayepima kona:
"Ulimwambia inaitwaje?"

Najua kamati watakunja uso.
Watasema neno hili lina mwenyewe, liko usoni pa watu,
haliwezi kuhamia ukutani bila kibali.
Lakini nani angeziba pua kwa saruji
akijua kuwa ni pua?

Ukurasa wa sitini na moja nimepiga mstari, nimeandika upya:
pua, ngeli ya I-ZI; ya ukuta wa kinga;
haipigwi lipu.
Jabali nimemwongezea jina la heshima.
Na ile suruali ya kuazima nimeirudisha mahali pake,
chini ya mkanda.