Taa ya Zambarau

Mwezi wa sita, Ibra, hata mawe hutafuta kivuli,
na kivuli chenyewe ni chetu:
sebule, kiyoyozi, ndoo ya maji bafuni.
Sisimizi ndio wa kwanza. Hawapigi hodi.
Hutokea nyuma ya swichi, hushuka ukutani mmoja mmoja
kama watu wa foleni ya pasi,
wakilifuata tone la asali ya tende
ambalo kila mmoja wetu anaapa hakulimwaga.

Mama hufungua daftari.
Mwaka jana: nge watatu, mmoja ndani ya kiatu cha Rayya.
Mwaka juzi: njiwa kwenye kiyoyozi cha wageni,
mayai mawili, tukasubiri, wageni wakalala na joto.
Mwaka ule wa mvua: kumbikumbi.
Tulifagia mbawa mpaka Ijumaa.
Huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
na kila penye nge huchora mkia.

Basi kazi. Rafikul kaja na bomba lake la silikoni,
anapapasa kuta kwa kidole gumba kama tabibu.
"Usipoziba ufa," mama huanza,
na hana haja ya kumaliza,
kwani nyumba hii ndiyo ule ukuta wa methali:
ile ya udongo, ya babu, mchwa waliisoma yote,
boriti kwa boriti,
mwaka niliozaliwa.

Chini ya mlango tumepiga ukanda wa mpira.
Tundu la bafuni, wavu.
Kuni tumezihamisha mbali na nyumba,
maana nge na kuni ni kama wazee na kahawa.
Miguu ya kabati inasimama ndani ya vijibakuli vya mafuta ya taa,
ujuzi aliotoka nao Wete akiwa na miaka tisa,
pamoja na mbuzi ya nazi na sanduku lisilo ufunguo.
Jikoni kunanuka meli.

Ila kalunguyeye wa nyuma ya tangi, huyo hafukuzwi.
"Askari huyo," asema mama.
"Anakula nge na hadai mshahara."
Humwekea maji kwenye kifuniko cha kopo.

Usiku tukazima taa zote.
Mama magoti hayamruhusu tena,
kwa hiyo zamu ni yangu: koleo, chupa,
na kitaa cha zambarau nilichonunua Maskati.
Chini ya taa hii nge hawezi kujificha,
anawaka kijani, kijani kisicho cha jani lolote.
Nikampata mmoja, kando ya ndoo.
Mdogo. Mkia juu, kama aliyeulizwa swali na analijua jibu.

Halafu chumba cha mama.
Pembe ya kwanza, giza. Uvungu, giza.
Nikageuka, na nyuma ya mlango
kitu kirefu kimesimama kinawaka,
cheupe kinachoingia buluu,
kina mabega.

Kanzu ya baba.

Koleo likanitoka mkononi.
Muuza taa aliniambia, nami nikacheka:
usishtuke ukiona nguo zinang'aa,
ni ile dawa ya weupe iliyomo kwenye sabuni,
nguo ikikaa bila kufuliwa hufifia.
Baba huu mwaka wake wa nne kaburini.
Kola ilikuwa inawaka kuliko yote,
hapo mtu anaposugua kwa mkono.

"Umeona kitu?" akauliza kutoka ukumbini.
"Sijaona, mama."
"Umetazama nyuma ya mlango?"
"Nimetazama."
Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Kiyoyozi kikasema kwa niaba yetu.

Asubuhi daftari lilikuwa mezani.
Nge mmoja, bafuni. Akachora mkia.
Kalamu ikasimama.
"Na chumbani kwangu niandike nini?"
"Andika salama," nikamwambia.
Akaandika, taratibu, kisha akanisogezea chai,
na tukaona pamoja, bila kusema,
sisimizi wa kwanza akitoka tundu la ufunguo.