Nati Moja Imebaki

Jumamosi, saa moja na nusu. Baridi ya Julai
imekalia boneti kama mgeni asiyejua kuaga.
Natandaza gunia juu ya saruji,
najilaza chali, naingia chini ya Pijo,
mabega kwanza, kisha mgongo, kisha umri.

Nje zimebaki ndala zangu na nyayo mbili
ambazo Bi Kerubo wa nyumba kumi na saba
huzisalimia kwa adabu:
"Mumbua, bado hujaliuza?"
"Bado."
"Na hiyo oili kwenye saruji yetu?"
"Nitaimwagia vumbi la mbao."
Viatu vyake vinaondoka. Havijaridhika.

Huku chini mbingu ni chasisi,
ina kutu badala ya nyota,
na pale kwenye sampu tone jeusi
linalengalenga, linalengalenga, linakataa kudondoka
hadi nifumbue mdomo kulilaani.

Limebeba viti vya harusi na viti vya matanga,
vilevile, vya plastiki, mia mbili na arobaini.
Limebeba kabichi, limebeba kabati la mwalimu mkuu,
limebeba beberu aliyekula kiti cha dereva
toka Athi River hadi Donholm bila kutema uzi.
Limembeba Baba, mwaka ule wa mvua, kumpeleka Machakos,
naye kule nyuma, amenyooka,
mara yake ya kwanza kukubali
mtu mwingine aendeshe.

Gathogo wa vyuma chakavu alipita Jumanne na mizani.
Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole
kama mtu anunuaye tikiti maji,
akasikiliza, akatikisa kichwa,
akanitajia bei. Kwa kilo!
Nilimpa chai, nikamfungulia geti.

Pampu ya maji nimeitoa Kirinyaga Road, kwa Njihia,
imefungwa kwa gazeti la mwaka juzi.
Ameapa kwa mamake kuwa ni ya asili.
Maskini mama huyo, ameapiwa pampu ngapi,
na ngapi kati yake hazivuji?

"Mulika hapa, Onchari."
Onchari, miaka tisa, mjukuu wa huyohuyo Kerubo,
anamulika paka.
"Spana kumi na tatu."
Ananipa kumi na nne. "Ni karibu sawa."
"Karibu sawa, mwanangu,
ndiyo inayokula vichwa vya nati."

Gasketi naikata mwenyewe. Naweka karatasi ngumu
juu ya mdomo wa pampu, nagongagonga ukingo
kwa nyundo ndogo, taratibu, ko ko ko,
hadi kila tundu lijichore lenyewe.
Hivi ndivyo Baba alivyonifundisha, bila kusema neno,
akidhani nimekuja tu kumletea uji.

Saa saba. Stima zimepotea, redio za ploti zimenyamaza.
Ufunguo. Kimya.
Ufunguo. Stata inasaga meno.
Naomba. Natukana. Naomba tena, kwa lugha ya nyumbani.
Ufunguo:
linakohoa moshi wa buluu juu ya nguo za Bi Kerubo,
linatetemeka toka taa hadi bampa,
linanguruma.

Onchari anarukaruka. Mimi nainama kukunja gunia,
na hapo, katikati, imetulia nati moja.
Safi. Ina grisi. Haina kwao.

Nalitazama gari, nayo nati nikaitazama.
Naushusha mkebe wa kakao toka rafuni.
Arobaini na moja, zote za Baba,
nilizihesabu wiki ya matanga, nikikwepa wageni.
Sikuwahi kumwuliza zilitoka wapi,
wala Pijo halikuwahi kuzidai.

Naitumbukiza. Ting'.
Arobaini na mbili.

Panda, Onchari. Funga mlango kwa nguvu, uinue kwanza.
Twende hadi barabara kubwa,
tukaone kitakachoanguka.