Miezi Tisa

Mkataba wangu ni wa miezi tisa.
Naingia Septemba mosi, natoka Mei inapokata roho,
kama mimba, asema Jerko wa zamu ya usiku,
ila anayezaliwa kila mwaka ni mimi,
tena nazaliwa barabarani,
na sufuria mbili, feni, na mtoto wa miaka sita
anayeuliza kama kitanda nacho kinakwenda likizo.

Nyumba ni ya Bi Tonka, mtaa wa Varoš, mjini Split,
ngazi thelathini na moja za mawe.
Nilizihesabu nikiwa nimekumbatia televisheni.

Simchukii Bi Tonka. Hilo litangulie.
Pensheni yake hufika tarehe kumi, kumi na tano imekwisha.
Upepo wa bura ulipong'oa vigae vya paa
ni fedha za watu wa Julai zilizoliziba,
si zangu, nami nililala pakavu chini yake
majira yote ya baridi.
"Wiki moja ya Agosti," aliniambia akichambua dengu,
"ni kodi yako ya miezi miwili. Ungekuwa mimi?"

Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sawa. Mwenyeji amepona.
Lakini mimi ni nani katika methali hii?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nao huondoka siku ya pili, alfajiri,
magurudumu ya masanduku yakisaga mawe ya kichochoro,
na kabla shuka hazijakauka wamefika wengine,
nao ni siku yao ya kwanza.
Mtaa mzima sasa ni siku ya kwanza.
Jembe tumebaki nalo sisi.

Januari jengo letu lina madirisha matano yenye giza
na langu moja.
Mzee Frane wa chini alipovunjika nyonga
nilimsikia mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusikia.
Kwenye mkutano wa jengo tulikuwa watu wawili
na visanduku vinne vya funguo.
Hatukufikia akidi.

Kiangazi nalala sebuleni kwa shemeji, Kaštela,
nikipanda basi la saa kumi na moja kwenda hospitali.
Usiku mmoja wa Agosti aliletwa kijana, kidevu kimepasuka.
Nilisafisha jeraha, nikavuta fomu.
"Anwani ya hapa mjini?"
Akaisoma kwenye simu: kichochoro changu,
namba yangu, ghorofa yangu.
Kalamu ikasimama.
"Uliteleza bafuni," nilisema.
"Umejuaje?"
"Kigae cha tatu kutoka mlangoni. Kinacheza tangu Februari."
Alinikodolea macho kana kwamba napiga ramli.
"Na dirisha la jikoni, linyanyue kwanza ndipo usukume.
Na usiku ukisikia mtu analia ukutani,
si mtu, ni bomba."
Alinishukuru sana. Nyumba ni nzuri, alisema,
ina harufu ya watu.

Septemba nimerudi. Sufuria, feni, mtoto kaongeza meno.
Kigae kimekazwa kwa saruji mpya.
Mimi nilimwomba Bi Tonka mara saba, kwa adabu.
Kijana aliandika mstari mmoja, akatoa nyota mbili,
na fundi alikuja kesho yake.

Sina nyota za kutoa. Nina kodi,
tarehe tano, mkononi, ndani ya bahasha.

Usiku naoga. Natoka.
Kigae hakichezi tena.
Mguu wangu bado unakiruka.