Kipimo

Boksi la zabibu lilishuka Nyegezi na basi la Dodoma,
nusu zimepondeka, linatokwa jasho la zambarau.
Naume akaibariki moja kama tunda la mti, akala.
Zilizobaki tukazikamua kwa chujio la chai,
na tunda lilelile likapanda cheo:
tunda la mzabibu, lenye baraka yake peke yake.

Ijumaa, jua likizama nyuma ya mawe ya Kirumba,
wakabisha hodi wanne tusiowaalika.
Kikombe ni kimoja.
Nikainua jagi la maji ya ziwa, yaliyochemka na kupoa.

"Taratibu. Ukizidisha, si zabibu tena, ni maji yenye rangi,
na hayo yanangoja nyuma, kwenye baraka ya vitu vyote."
Mpaka wapi? nikauliza.
Akaonja, akatazama dari.
"Mpaka ulimi usite."

Nikarudisha jagi.
Yeye akanywa, sisi tukalamba kijiko kijiko;
Kulwa wa duka la nyavu akafyonza chake mpaka kikalia.
Kisha kiu ikatubana, tukarudia maji.
Nikafungua mdomo niyabariki;
Naume akatikisa kichwa:
zabibu imeshayaombea.