Beseni

Daktari Mfinanga, pale Mawenzi, alinishika kiwiko
akaniuliza: Mama, cherehani unaitia mafuta.
Wewe je, ulijitia lini?
Nikacheka. Kisha nikalia, mbele ya watu,
nikafuta kamasi kwa kipande cha bitana.

Nilianza vizuri. Saa nane mchana
naifunika cherehani kanga,
nachemsha maji, namimina kwenye beseni la bluu,
chumvi kiganja kimoja, miguu ndani.
Nusu saa. Nje Kiboriloni inapiga kelele zake,
mitumba inanadiwa, chagua, chagua, mia tano,
na mimi kimya, najivundika taratibu
kama mkungu uliofunikwa majani.
Maji yakipoa, mikono yenyewe inaitafuta sindano.
Pindo za siku zile hazikuwa na aibu.

Sijui nusu saa ilishika mimba lini.
Ikazaa saa. Saa ikaomba mto,
mto ukaomba tamthilia ya Kituruki,
na chipsi kuku za kuletewa na bodaboda,
na bia moja ya Jumatano, baridi,
ambayo haikupenda kukaa peke yake.
Nikajifunza neno: nimestahili.
Nimestahili kucha. Nimestahili wigi la kulipa kwa awamu.
Nimestahili kutopokea simu ya Mama Aikande.
Neno zuri, ukilisema mara moja.
Ukilichovya kila saa linachachuka
kama mbege ya juzi.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kipaimara,
Anansia alifuata gauni lake jeupe.
Nilikuwa kwenye kochi. Nikasikia hodi.
Nikapunguza sauti ya televisheni,
nikabana pumzi,
mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja,
nimejificha ndani ya nyumba ninayoilipia kodi,
namkimbia mtoto wa miaka kumi na mitatu.
Chini ya pazia niliona viatu vyake vipya.
Amevivaa mapema, avipime na gauni.
Gauni lenye mkono mmoja.

Hodi ya pili. Ya tatu ilikuwa ndogo.

Na mimi, pumzi imebanwa hivyo, nikakumbuka:
beseni halikuwahi kuniambia ninyamaze
mtu akibisha.

Nilifungua. Sikumtungia msiba wa shangazi.
Nilimwambia, sijamaliza, kaa hapo, nishikie pini.
Akakaa. Hakuniuliza kitu, na hilo liliniuma zaidi.
Tulishona hadi saa nne usiku.
Jumapili mkono wa kushoto ulikaa juu kidogo
kuliko wa kulia. Kanisa zima halikuona.
Niliona mimi, na sasa umejua wewe.

Maji sikuyaacha. Usidhani nilijiadhibu.
Mtu asiyejipumzisha naye namfahamu,
nilikuwa yeye miaka ishirini, na mgongo una ushahidi.
Hata mlima wetu mchana hujifunika mawingu,
hauombi ruhusa ya mtu.
Ila jioni hutoka.

Basi saa nane nipo, miguu kwenye bluu.
Saa ya ukutani siitazami.
Maji yakipoa, natoka.
Na mlango siku hizi nauacha wazi:
anayepita aone vidole vyangu vimekunjamana,
na akitaka kuuliza nguo yake,
aulize.