Jumapili ya Theluji

Dirisha la Yona wamelipiga mawe, Tegwen;
nyangumi kabaki mkia tu.
Hilo fundi wa Aberteifi ataliunga.
Lakini daftari la ubatizo,
nani kalichana, akapachika ukurasa
aliouchovya chai ili uzeeke usiku mmoja?

Mwandiko mzuri, nakiri. Hata madoa yana adabu:
"Januari 9, 1814, amebatizwa Ifor,
mrithi wa malisho ya mtoni."

Nikashusha kitabu cha sadaka,
kile ambacho mghushi hakukijali.
Tarehe ileile, mkono wa bawabu, wino umepauka:
Theluji hadi dirishani.
Hakuja mtu. Sadaka hakuna.
Maji ya ubatizo yamekuwa jiwe.

Basi, Ifor,
ulilizwa na maji yapi?